Jibu kwa Mhakiki wa Pili, Kuhusu Mstari wa 213

Umeuliza, kwa adabu ya watu wasiotajiana majina,
kwa nini sampuli ina watu mia tatu na kumi na mmoja
ilhali hojaji zilikuwa mia tatu na kumi na mbili.
Umeona tundu. Una jicho la fundi cherehani.
Nakujibu hapa kwanza, kabla sijakujibu kule
kwa aya mbili kavu na tanbihi.

Ilikuwa Alhamisi, sokoni El Alto,
juu kiasi kwamba pumzi huuzwa rejareja.
Wino wa kalamu yangu uliganda,
nikaibana kwapani kama kipimajoto.
Nimwite Saturnina. Silo jina lake,
na hata viazi huenda havikuwa viazi,
lakini tuseme ni viazi: vile vilivyolazwa nje vikagandishwa na usiku,
vikakanyagwa kwa miguu mitupu,
vikaanikwa hadi vikawa vyepesi kama vizibo.
Pembeni yake, juu ya kijiti, kadi ya plastiki kutoka benki,
ule msimbo wa miraba myeusi na myeupe.
Kadi ilitazama ukuta.

Swali la kumi na saba: Je, unapokea malipo kwa simu?
Ndiyo ni moja. Hapana ni sifuri.
Alicheka bila kufungua mdomo.
"Inategemea nani ananunua."
Nikamwambia hakuna kisanduku cha inategemea.
"Basi kichonge. Si wewe uliyesoma?"

Akaja kijana mwenye vidude masikioni;
Saturnina akaigeuza kadi kwa vidole viwili,
simu ikalia, kadi ikarudi ukutani.
Akaja bibi mwenye sarafu kwenye fundo la leso;
sarafu zikazama chini ya sketi ya tatu,
zisilie tena.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na siku ile kata nilikuwa mimi.
Akaunti ni ya mumewe.
Simu ya mke ikilia hapa, ya mume hulia kwenye lori,
popote lilipo kati ya hapa na mpaka wa Chile.
"Anajua nimeuza nini kabla sijajua mwenyewe.
Basi namwonyesha kiasi cha kumtuliza."
Kisichoonyeshwa kinamsomesha binti uuguzi, Cochabamba.
Baba mtu ameambiwa binti yuko kwa shangazi, anafuma.

Miaka tisa nimeandika kuhusu vikwazo:
gharama, mtandao, elimu, imani.
Sikuwahi kuwa na kigezo cha mtu
aijuaye teknolojia kuliko aliyekuja kumfundisha,
na ndiyo maana kaigeuzia ukutani.

"Usiniandike," akasema.
Nilikuwa nimeshaandika.
"Basi andika viazi."

Unajua data zetu zilivyo, Mhakiki:
tunafuta jina, tunaacha umri, bidhaa, kichochoro,
idadi ya watoto na mahali wanaposoma.
Mchukuzi yeyote wa soko lile angemtambua
akiwa na mzigo kichwani.

Usiku, hotelini, koti mwilini, niliendesha modeli.
Akiwamo kama sifuri: 0.049.
Akitoka: 0.051.
Nyota moja ikadondoka kwenye Jedwali la Nne,
nami nilikaa nikilitazama lile tundu lake.
Naijua bei ya nyota. Nina mkataba unaokwisha Juni.

Nimesahau kukueleza jambo la mwisho kule sokoni.
Nilinunua kilo mbili. Nikatoa sarafu,
nikijiona mwerevu, nikijiona mwanamke mwenzake.
Akaitazama mikono yangu, akalitazama jua,
akaigeuza kadi inielekee.
"Wewe lipa kwa simu.
Leo bado hajatulia."

Risiti ninayo.
Jina lililoandikwa si lake.